Sura ya Tano: Wapendanao Wasiofanana

Riwaya ya mapenzi inayowakutanisha watu wawili wasiofanana, yaani wanaotofautiana kwa malezi, mali, imani au tabia kiasi kwamba kila mmoja humwona mwenzake kuwa kero kabla ya kumwona kuwa mpenzi, ni ya kale kuliko jina lolote ambalo wahakiki wameipa, na bado ni miongoni mwa zile ambazo wasomaji huzirudia baada ya kuzimaliza. Hata hivyo, si kila riwaya ya namna hiyo humridhisha msomaji. Zipo zinazoanza na tofauti kubwa mno, zikapita katika ugomvi wa kusisimua, zikaishia katika harusi, na bado msomaji akafunga kitabu akiwa na shaka kwamba wawili hao wataweza kuishi nyumba moja hata mwaka mmoja. Sura hii inashikilia kwamba si ukubwa wa tofauti unaozaa ridhaa ya msomaji. Ridhaa hiyo huzaliwa na jambo lililofichika chini ya tofauti, yaani kipimo kimoja cha dhamiri ambacho wahusika wote wawili wanakitumia kujihukumu na kuwahukumu wengine bila kujua kwamba wanakitumia wote, na ambacho mwandishi hukifunua polepole, kwa gharama inayowauma wote wawili.

Yafaa kuanza na upande wa maisha yenyewe, kwa sababu riwaya ya aina hii huelekea kupingana na jambo ambalo wachunguzi wa tabia za binadamu wamelikuta mara nyingi. Katika miaka ya 1950 mwanasosholojia wa Marekani Robert Winch alipendekeza nadharia ya mahitaji yanayokamilishana, ambayo kwayo mtu humchagua mwenzi aliye na kile alichopungukiwa yeye, kama vile apendaye kuamuru kumchagua apendaye kuongozwa. Nadharia hiyo ilivutia wengi, lakini uchunguzi uliofuata haukuiunga mkono sana. Mwanasaikolojia Donn Byrne, aliyeanza kuchapisha majaribio yake mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwapa washiriki dodoso lililodaiwa kujazwa na mtu wasiyemjua, akakuta kwamba walimpenda mtu huyo zaidi kadiri majibu yake yalivyokaribia majibu yao wenyewe. Kwa ujumla, basi, watu huvutwa na wanaofanana nao, na msomaji wa kawaida analijua hilo bila kusoma majaribio yoyote, kwa kuwa ameona ndoa za ndugu na majirani zake. Anapofungua riwaya ya wapendanao wasiofanana huja na shaka hiyo mkononi, naye ana haki nayo. Mwandishi anayeongeza tofauti juu ya tofauti akidhani kwamba ndiyo kunogesha hadithi hajaijibu shaka hiyo bado, amezidi kuichochea.

Mfano unaoonyesha jinsi shaka hiyo inavyojibiwa kikamilifu ni North and South ya Elizabeth Gaskell, riwaya iliyotoka kwa mafungu ya kila wiki katika jarida la Household Words lililohaririwa na Charles Dickens, kuanzia Septemba 1854 hadi Januari 1855, kisha ikachapishwa kuwa kitabu mwaka huo wa 1855. Margaret Hale ni binti wa kasisi katika kijiji cha Helstone, kusini mwa Uingereza. Baba yake anapouacha ukasisi kwa sababu ya mashaka ya dhamiri, familia inahamia kaskazini, katika mji wa viwanda uitwao Milton, ambao Gaskell aliubuni kwa kuufuata mji wa Manchester alikoishi yeye mwenyewe. Huko Margaret anakutana na John Thornton, mwenye kiwanda cha pamba, ambaye baba yake alijiua baada ya kufilisika, akamwachia mtoto mzigo wa kufanya kazi dukani na kujinyima pamoja na mama yake hadi wakawalipa waliokuwa wakimdai marehemu. Margaret anamwona Thornton kuwa mtu wa faida asiye na huruma, na Thornton anamwona Margaret kuwa binti mwenye maringo anayelihukumu jasho la watu ilhali hajawahi kulitoa.

Kinachostahili kuangaliwa hapa ni kwamba wawili hawa hawagombani kuhusu mambo madogo. Katika riwaya nyingi dhaifu tofauti huwa za juujuu tu: mmoja ni mpangilifu na mwingine ni mvurugaji, mmoja anapenda mji na mwingine anapenda shamba, na mambo hayo yote yanaweza kusuluhishwa na watu wazima kabla ya chai ya jioni. Margaret na Thornton wanagombana juu ya swali ambalo Uingereza nzima ya wakati huo ilikuwa ikilibishania, nalo ni hili: mwenye kiwanda anadaiwa nini na watu anaowaajiri, zaidi ya ujira wao? Thornton anaamini kwamba nje ya saa za kazi mfanyakazi ni mtu huru, na kwamba bosi anayejiingiza katika maisha yake, au anayelazimika kumweleza sababu za kila uamuzi, anamdhalilisha na kujidhalilisha. Margaret anaamini kwamba binadamu hawawezi kutegemeana kwa chakula kisha wakajifanya hawahusiani. Imani yake haitoki vitabuni tu, kwa sababu amefanya urafiki na Nicholas Higgins, mfanyakazi wa kiwandani na mtu wa chama cha wafanyakazi, na binti yake Bessy, anayekufa taratibu kwa mapafu yaliyojaa vumbi la pamba. Msomaji anayesikiliza kwa haki hawezi kumpa ushindi mmoja wao upesi, kwani hoja ya Thornton ina heshima ndani yake na hoja ya Margaret ina harufu ya ulezi wa mkubwa kwa mdogo. Hapo ndipo ladha ya riwaya inapoanza, maana tofauti inayostahili kuitwa tofauti ni ile ambayo kila upande unajua jambo la kweli ambalo upande wa pili haulijui.

Chini ya ugomvi huo Gaskell anapanda ufanano, naye anaupanda kwa vitendo bila kuutangaza. Wote wawili ni watu wanaosema kweli hata inapowaumiza. Wote wamebeba familia mabegani wakiwa vijana, Thornton kwa sababu baba yake alishindwa na Margaret kwa sababu baba yake, mpole na msomi, hawezi hata kumwambia mkewe kwamba wanahama, akamwachia binti kazi hiyo. Wote wanadharau njia rahisi. Msomaji anayaona hayo mapema kuliko wahusika wenyewe, na pengo hilo kati ya anachojua msomaji na wanachojua wahusika, ambalo wahakiki huliita kinaya, ndilo linalomfanya avumilie kurasa mia mbili za kutoelewana bila kuchoka, kwa kuwa kila tusi linalorushwa linampa ushahidi mwingine kwamba warushaji wanatoka katika udongo mmoja.

Wasomaji wa Kiswahili wanaijua raha ya ushindani wa namna hii kutoka upande mwingine wa fasihi yao. Katika malumbano ya washairi, ambayo yalistawi Mombasa na Lamu tangu zama za Muyaka bin Haji na kabla yake, na yanayoendelea hadi leo katika kurasa za magazeti, mshairi anayemjibu mwenzake aghalabu hufuata bahari ile ile na vina vile vile alivyotumia aliyemtangulia, kwa hiyo kadiri anavyompinga kwa maana ndivyo anavyozidi kumkubali kwa kanuni. Anayejibu kwa bahari iliyovunjika hahesabiwi kuwa amejibu. Mazungumzo makali kati ya wapendanao wasiofanana hufanya kazi iyo hiyo. Elizabeth Bennet na Darcy katika Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyochapishwa mwaka 1813, hawavutiani kwa sababu wanagombana. Mvuto wao unatokana na ukweli kwamba katika sebule iliyojaa watu wanaosema maneno yasiyo na uzito, ni wao wawili tu wanaosikilizana kwa makini ya kutosha kuweza kujibizana. Pale ambapo mhusika mmoja anazo hoja zote na mwingine anazo hasira tu, majibizano hugeuka kuwa maonevu, na mapenzi yanayofuata huonekana kuwa ni mshindi kuchukua ngawira.

Jambo la pili linaloonekana katika riwaya hizi mbili ni mahali pa ombi la kwanza la ndoa. Darcy anamwomba Elizabeth katika sura ya 34 kati ya sura 61, naye anakataliwa. Thornton anamwomba Margaret katika sura ya 24 kati ya 52, siku moja baada ya Margaret kumkinga kwa mwili wake mbele ya wafanyakazi waliogoma na kuvunja lango, akaumizwa na jiwe, naye pia anakataliwa. Si bahati kwamba kukataliwa huko kunakaa karibu na katikati ya kitabu. Mhakiki wa Marekani Pamela Regis, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu historia ya riwaya ya mapenzi, alitaja vipengele vinane ambavyo aliviona kuwa vya lazima, mojawapo kikiwa kizuizi, yaani sababu inayowazuia wawili wasiungane, ambayo inaweza kuwa ya nje, kama vile sheria, umaskini au wazazi, au ya ndani, kama vile kiburi, hofu au hukumu potofu. Ombi la mapema linalokataliwa huondoa kizuizi cha kutojua, kwa kuwa sasa mwanamke anajua kwamba anapendwa, na kukiacha wazi kizuizi cha ndani. Kuanzia hapo hadithi haiulizi tena iwapo mapenzi yapo. Inauliza iwapo mapenzi hayo yanastahili kupokelewa, na swali hilo la pili ni zito zaidi. Waandishi wanaoficha ungamo la mapenzi hadi ukurasa wa mwisho hujinyima nusu nzima ya riwaya, ile ambayo ndani yake mhusika anaishi na aibu ya kuwa amekataliwa kwa sababu za haki.

Nusu hiyo ya pili ndiyo mahali pa tendo la siri, na pengine hakuna kipengele kinachomridhisha msomaji wa riwaya hizi kuliko hicho. Darcy analipa fedha ili Wickham amwoe Lydia, mdogo wake Elizabeth aliyetoroka naye, akisisitiza kwamba Elizabeth asijulishwe. Kwa Thornton tendo ni gumu zaidi. Margaret ameonekana jioni katika kituo cha reli na mwanamume, ambaye kwa kweli ni kaka yake Frederick, askari wa majini aliyeshiriki uasi melini na ambaye angehukumiwa kifo kama angekamatwa, na ili kumlinda anamdanganya polisi kwamba hakuwapo pale. Thornton, ambaye ni hakimu na ambaye alimwona kwa macho yake mwenyewe, anajua kwamba amesema uongo, anaamini kwamba yule ni mpenzi wake, na bado anautumia uwezo wake kusimamisha uchunguzi ili asiaibike. Hapa Gaskell anawashika wote wawili kwa kipimo chao cha pamoja: mwanamke aliyejivunia ukweli amesema uongo kwa ajili ya upendo, na mwanamume aliyejivunia ukweli ameulinda uongo huo kwa ajili ya upendo, kila mmoja akiteseka peke yake. Margaret anaumia zaidi kwa kuanguka machoni pa Thornton kuliko kwa hatari ya kukamatwa, na ni katika maumivu hayo anapogundua kwamba heshima ya mtu aliyemdharau imekuwa ndiyo anayoihitaji.

Tendo hilo lisingekuwa na nguvu kama lingefanywa ili lionekane. Mapenzi ya kawaida katika riwaya huthibitishwa kwa zawadi, maua na maneno, lakini kati ya watu wasioaminiana vitu hivyo vyote vinaweza kutafsiriwa kuwa mbinu. Tendo lililofichwa haliwezi kutafsiriwa hivyo, kwani mtendaji hakutarajia malipo, na linapofichuliwa na mtu wa tatu huwa ni ushahidi usioweza kukanushwa. Ndiyo maana riwaya za aina hii zinahitaji wahusika wasaidizi wenye uzito wao, wala si wapambe wa kupitisha barua: Higgins, anayepeleka habari za Thornton kwa Margaret na za Margaret kwa Thornton kwa namna isiyo ya kupatanisha, kwa sababu yeye mwenyewe ana ugomvi wake na bosi, anaaminika kuliko rafiki yeyote mwenye nia njema.

Yapo mambo mengine ya ufundi yanayoweza kupitiwa kwa haraka. Usimulizi unaoingia katika mawazo ya wahusika wote wawili, kama wa Gaskell, humpa msomaji huruma iliyosawazishwa, ilhali usimulizi unaobaki karibu na mmoja, kama wa Austen, humpa raha ya kukosea pamoja na mhusika na kusahihishwa pamoja naye. Njia zote mbili zinafaa, mradi mwandishi asihamehame kati yake kwa ajili ya kuficha habari. Mandhari nayo yanapaswa kuwatoa wote wawili katika ardhi wanayoimudu, angalau kwa zamu, kwa sababu mtu huonyesha tabia yake pale asipokuwa mwenyeji.

Kasoro inayoharibu riwaya nyingi zaidi kuliko zote ni kizuizi cha uongo, yaani kutoelewana ambako kungekwisha kama mhusika mmoja angeuliza swali moja la kawaida. Msomaji huvumilia kiburi, huvumilia hofu, huvumilia hata ukatili uliojutiwa, lakini havumilii kuona watu wanaodaiwa kuwa na akili wakipoteza sura kumi kwa sababu simu haikupokelewa. Kasoro ya pili ni nzito kimaadili. Katika riwaya nyingi zilizochapishwa kwa wingi katika karne ya 20, kutofanana kulimalizwa kwa kumfuga mmoja, na mara nyingi aliyefugwa alikuwa mwanamke: aliyekuwa na ulimi alinyamaza, aliyekuwa na kazi aliiacha, na hilo likaitwa kukomaa. Janice Radway, aliyechunguza kundi la wanawake wasomaji wa riwaya za mapenzi katika kitabu chake cha mwaka 1984, alionyesha kwamba wasomaji hao hawakumeza kila walichopewa. Walitenganisha riwaya nzuri na mbaya kwa ukali, na walilotaka kuona ni mwanamume anayejifunza kujali na mwanamke mwenye akili anayetambuliwa. Kwa maneno mengine, walidai badiliko la pande zote mbili, na dai hilo ni la haki. Pale ambapo ni mmoja tu aliyebadilika, kilichosimuliwa ni utii.

Gaskell analijua hilo, na mwisho wa kitabu chake unathibitisha. Alipokuwa akiandika kwa ajili ya jarida alibanwa na nafasi, akauona mwisho umekimbizwa mno, kwa hiyo alipolichapisha simulizi hilo kuwa kitabu aliongeza sehemu karibu na tamati. Ndani yake Margaret anarudi Helstone, kijiji alichokuwa akikisifu kuwa pepo, akakuta kwamba kimebadilika na kwamba kilikuwa na ukatili wake wa zamani ambao hakuuona, kama vile imani za kishirikina zilizomfanya mwanamke mmoja amchome paka akiwa hai. Bila safari hiyo, kuikubali kwake Milton kungeonekana kuwa ni kuikubali kwa ajili ya mwanamume. Thornton naye, kabla hajafilisika, amemwajiri Higgins na kuanzisha pamoja na wafanyakazi wake jiko la kula kwa pamoja, na ameanza kuamini kwamba watu wanaofanya kazi pamoja wanapaswa kujuana, jambo ambalo Margaret alilisema zamani naye akalikataa. Wanapokutana tena London hali zimegeuka: Thornton hana mtaji, Margaret amerithi mali, na anachomwambia Thornton si neno la mapenzi. Ni pendekezo la biashara lenye hesabu kamili, kwamba amkopeshe pauni 18,057 zinazokaa benki zikizaa faida ndogo, ili aendeshe kiwanda. Amejifunza kusema kwa lugha ya Thornton bila kuacha kusema ya kwake, na mwandishi haoni haja ya kuongeza mengi.

Ikiwa ridhaa ya msomaji hutokana na kipimo hicho cha pamoja wala si na harusi, riwaya ya wapendanao wasiofanana inaweza kuridhisha hata pale wanapotengana, na mfano wa karibu ni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyemzidi sana umri, anaikimbia ndoa hiyo, anakataliwa na watu wake, anahifadhiwa na Mwajuma mtaani Ng'ambo, na huko Unguja, chini ya utawala wa Waingereza, anampenda Denge, kijana wa Kiafrika aliyejitolea maisha yake kwa harakati za uhuru. Tofauti kati yao ni za rangi, dini ya nyumbani, mtaa na malezi, na jamii ya wakati ule ilizilinda kwa ukali kuliko ukuta wowote. Lakini Shafi amewapa kipimo kimoja kilicho wazi kuliko hata cha Gaskell: Yasmin amekataa kumilikiwa na mume, Denge amekataa kumilikiwa na dola, na kila mmoja anaitambua hatari ya mwenzake kwa sababu amekwisha kuipitia ya kwake.

Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi nchini Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1980, kilizifafanua riwaya hizo kuwa zile zenye simulizi ya mapenzi katikati na mwisho wenye kuridhisha na matumaini, na wengi wameuelewa mwisho huo kuwa ni wawili kuwa pamoja. Kwa fasili hiyo Vuta N'kuvute iko nje, kwani Denge analazimika kuikimbia nchi na Yasmin anaishia kuolewa na Bukheti, kijana aliyemfahamu Mombasa. Hata hivyo kizuizi kinachowatenganisha ni cha nje peke yake. Cha ndani, ambacho ni kigumu zaidi, walikwisha kukivunja wote wawili, na hakuna hata mmoja aliyeombwa na mwandishi kuwa mdogo kuliko alivyokuwa ili apendwe. Ndoa ya Yasmin na Bukheti nayo inasomeka kwa mwanga huo: mwanamke aliyeozwa mara ya kwanza bila kuulizwa sasa anachagua mwenyewe, na uwezo wa kuchagua aliupata Ng'ambo, kwa Mwajuma na kwa Denge.